Msichana Aliyevaa Namba Sita

Apollinarie wa Kalundu, mtaa wa wavuvi pale Uvira, alikuwa mshona nyavu, na mtaa mzima hakuna aliyemshinda kwa wepesi wa mkono wala kwa kinyongo. Wavuvi walimletea nyavu za ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizochanika, naye akazishona akiwa amekaa mchangani, miguu ameinyoosha, mdomo ameufunga. Wengine walidhani ni mpole. Miaka mitano alikuwa akiwaza jambo moja tu, atamuumiza vipi Nyandwi.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 1998, vita vilipoingia Uvira, watu wa mtaa wao walisimamishwa kwenye bariere, kizuizi cha askari. Askari walitaka kujua nani anawapelekea samaki watu wa msituni. Nyandwi, jirani ambaye Jumapili hakukosa kula kwao, alinyoosha kidole akamsonta Libérat, mume wa Apollinarie. Hakusema hata neno. Libérat alitolewa kwenye mstari na hakurudi tena. Nyandwi aliruhusiwa kupita, yeye, mke wake na katoto kao.

Vita havikuisha, ila watu walichoka kukimbia. Padri alimwomba Apollinarie awafundishe wasichana wa mtaa mpira wa wavu, kwa sababu ujanani aliucheza vizuri, na wavu wenyewe angeushona bila kumsumbua mtu. Akakubali. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini watoto walijifunza kwake mambo ambayo darasani hayapo: kufika mapema, kutomsema aliyekosea, kushindwa bila kununa. Na kuna moja aliwaimbia kila siku mpaka wakalisema usingizini.

"Mupira haina mwenyewe," aliwaambia. "Ikimulemea mwenzako, weye sogea. Usimuangalie."

Siku moja akaja mtoto mwembamba kuomba kucheza. Alikuwa Délice, kale katoto ka Nyandwi, sasa ana miaka kumi na miwili. Apollinarie akampa papo hapo shati lenye namba sita. Watu wakamsifu, wakasema mama huyu kweli amesamehe. Amesamehe nini? Alikuwa amegundua kwamba Délice hufumba macho mpira ukija kwa nguvu, na badala ya kumrekebisha, alinyamaza. Aliuweka ule udhaifu kama mtu anavyoficha kisu chini ya mkeka.

Siku aliyoingoja ilifika mwaka 2003, timu ya Makobola ilipokuja kucheza Uvira. Uwanja ulijaa. Nyandwi alikaa benchi la mbele, amevaa koti, anamwonyesha kila mtu mwanawe. Timu zikagawana seti mbili mbili, ikabaki ya tano. Wakati wa kubadilishana upande, Apollinarie alikutana na Kizito, mwalimu wa Makobola, ambaye walifahamiana naye kwa sababu ya nyavu. Apollinarie akanyoosha kidole cha mkono wa kulia.

"Ule wa namba sita," alisema kwa sauti ya chini. "Iko anafunga macho. Mupige kwake."

Kizito alishangaa, lakini nani anakataa zawadi? Mpira wa kwanza ulimgonga Délice kifuani. Wa pili ulimpita, mikono yake ikikumbatia hewa, na uwanja ukacheka. Wa tatu ulimpiga puani. Apollinarie hakumtazama mtoto. Alimtazama baba. Nyandwi alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kifungo cha koti, na kila kicheko kilipopanda, mabega yake yalishuka. Utamu ulioje! Apollinarie aliusikia mpaka kwenye meno. Angeweza kumtoa Délice nje akaingiza mwingine. Hakumtoa.

Ndipo nahodha alipoacha nafasi yake bila kuomba ruhusa. Nahodha alikuwa Irakoze, binti wa Apollinarie mwenyewe, binti wa Libérat. Alienda kusimama hatua moja kutoka kwa Délice. Wenzake walipomwona, nao wakasogea, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofundishwa.

"Irakoze, rudi kwako!" Apollinarie alipiga kelele.

Irakoze hakurudi. Mpira ulikuja kwa kasi, ukimtafuta namba sita. Akajitupa mbele yake, akauinua juu, kisha akaangukia kiganja kwenye ukingo wa saruji. Mfupa ulisikika ukivunjika. Wenzake waliumalizia mpira ule upande wa pili, wakapata pointi, lakini hakuna aliyeshangilia. Bila nahodha walicheza mpaka mwisho na wakashindwa kumi na tano kwa kumi na mbili.

Nyandwi ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua koti, akachana shati lake, akaufunga mkono wa Irakoze taratibu, huku Délice akilia pembeni damu ikimtoka puani.

"Mama Irakoze," alisema bila kuinua macho, "mutoto wako ameokoa wangu. Asante kwa kuwafundisha."

Apollinarie alitaka kumtemea mate. Mate hayakuwepo.

Walirudi kutoka kituo cha afya jua likiwa bado juu, mama na binti, mkono umeninginizwa kwa kitambaa. Njia nzima Apollinarie alikuwa akigomba.

"Nilikuambia urudi kwako. Unavunjika sababu ya mutoto ya ule muntu? Weye unajua alitufanyia nini?"

"Ninajua, mama." Irakoze aliongea polepole kwa maumivu. "Siku ya bariere minye nilikuwa nimeshika kitenge yako. Niliona kidole ya Baba Délice."

Wakapita duka la kwanza, wakapita la pili.

"Na leo niliona yako," Irakoze alisema.

Apollinarie aliuingiza mkono wake wa kulia ndani ya kitenge, akatembea nao hivyo mpaka nyumbani.