Siku Niliyoasi Ukweni Mkonze

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka, na hata leo nikipita Mkonze naangalia upande wa pili wa barabara, lakini kwa kuwa mmenibana, sawa, nitawasimulia, ila mcheke kistaarabu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Dodoma mpaka hujui uanzie wapi, na vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia, kila kijiwe ni siasa. Mimi nilikuwa karani kijana wa serikali, nimempenda Neema, na Jumapili hiyo nilikuwa naenda kwao, kijijini Mkonze, kujitambulisha kwa wazazi wake. Badala ya kwenda kukaa kimya na kujibu ninachoulizwa (ushauri niliopewa na kila mwenye akili), nikabeba mchezo wa ubao niliounasa kwenye lundo la mitumba, maana nilitaka wanione msomi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa utawala. Mmoja ni mtawala, wengine watatu wana majimbo, kila mzunguko wanamtolea mtawala nafaka, na mwisho mwenye nafaka nyingi ndiye mshindi. Jimbo likichoka linaruhusiwa kuasi, halitoi tena. Lakini majimbo yote matatu yakiasi nchi inaanguka, na hapo mmeshindwa wote, mtawala na waasi wake. Vipande vilikuwa vimepotea, kwa hiyo tukatumia punje za mahindi, kila mtu anaficha zake kiganjani.

Baba yake Neema, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi miaka na miaka, akachukua utawala bila kuuliza mtu. Na alitukamua kweli! Mama ndiye wa kwanza kuchoka.

"Kwa hiyo hapa naruhusiwa kukataa?" akaniuliza.

"Kabisa, mama. Ndiyo sheria." (Kiherehere changu hicho.)

Mama akasimama, akakaza khanga kiunoni, akapaza sauti: "Nimeasi! Sikupi tena kitu mimi!" Akacheka mpaka akatoa machozi, Neema naye akaasi, na mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa anatabasamu, akanigeukia.

"Kijana, umebaki wewe. Utanisaidia?"

Punje nilikuwa nazo tele. Ila nikimpa anashinda yeye, na alikuwa amenikamua mbele ya Neema huku akinicheka, nikaona bora tukose wote.

"Sina hata punje moja, mzee," nikasema. "Naasi."

"Sasa nani ameshinda?"

"Hakuna, mzee. Tumeshindwa wote."

Papo hapo hodi, wazee wawili wa kanisa wamesimama mlangoni, nyuso zimewashuka, kwa sababu kumbe walikuwa hapo nje muda wote, wamemsikia mama akimkatalia mumewe kwa sauti, na kile kicheko wao walidhani ni kilio.

"Mbukwenyi," mmoja akasalimia kwa Kigogo. "Balozi, humu kuna amani?"

Mimi kwa adabu zangu nikaruka kusimama, nikanyoosha mikono yote miwili, "Shikamooni!" na mahindi yakamwagika sakafuni, yakabingirika mpaka kwenye miguu ya baba yake Neema.

Mama akaanza kueleza kwamba ni mchezo tu, lakini wale wazee walikuwa wananitazama mimi. Kabla jua halijazama Mkonze nzima ilishajua kuna kijana wa mjini amekuja kumchonganisha balozi na mkewe. Mzee hata hakunifokea. Aliinama, akaokota punje moja moja, akaniwekea mkononi. "Chukua mali yako," akasema, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Neema alinisindikiza hadi barabarani. Nikajitetea, "Lakini si ni mchezo tu?"

"Najua ni mchezo. Baba sijawahi kumwona akimwomba mtu msaada. Amekuomba wewe, na ulikuwa nazo."

Nilirudi kuomba radhi, nikarudi tena. Mama alinipa chai kila mara, ila Neema hakutoka chumbani. Baadaye aliolewa (na mtu mzuri tu, siwezi kumsema vibaya).

Tangu hapo niliapa sichezi mchezo wowote na mzazi wa mtu. Nilipokuja kuoa Singida, siku ya kwanza ukweni baba mkwe akatoa ubao wa drafti, akaniuliza kama najua kucheza. Nikamwambia sijui, nikaomba shoka nimpasulie kuni.