Mwiba wa Nungu

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Kuze, hapa kisiwani petu, miaka ya sitini, niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiivunja ndoa ya wazazi wangu, tena kwa mwiba mmoja wa nungu.

Niliuokota vichakani nyuma ya makaburi, mdomoni mwa shimo la nungu. Ulikuwa mrefu, mweusi kwa mweupe, mzuri wa kuchorea njia za nywele wakati wa kusuka. Nikauficha chini ya godoro. Wiki ile nyumba haikutulia. Baba alitaka kuoa mke wa pili, na mama si mtu wa kumeza maneno. Mimi nilikuwa nikitega sikio mlangoni.

Bibi, mamake mama, alikuja kututembelea, akainua godoro alikung'ute, akauona.

"Nani alouleta? Mwiba wa nungu ndani ya nyumba hugombanisha watu!"

Nilisema ni mimi, nimeuokota penye shimo la nungu. Nilidhani nitapigwa. Lakini baba, aliyekuwa akifoka tangu asubuhi, aliuchukua ule mwiba. Uso ukamkunjuka.

"Kumbe!" akasema. "Ndoo, twende, n'onyeshe hilo shimo."

Nilimwonyesha. Nilitaka tuurudishe mwiba tu, basi, yaishe. Yeye alibeba jembe na rungu. Alichimba alasiri nzima, na nungu alipotoka akitikisa miiba yake, nilipiga kelele, "Baba, muache!" Hakumwacha.

Tulikaa kwa amani siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi baba alioa, na mama akafunga sanduku lake, akanishika mkono, tukarudi kwa bibi.

Bibi alishikilia kwamba mwiba ulikaa mno ndani. Mimi nimezeeka nikimkasirikia baba, si mwiba. Alitaka wa kumlaumu, nami nikampelekea.

Majuzi alinijia kijana anayeshughulikia wanyama wa porini. Alikuwa akizunguka kwa wazee kuuliza nungu walikuwa wakionekana wapi hapa kisiwani, apate kujua kama pamesalia hata mmoja wa kulindwa. Alikunjua ramani. Nikaweka kidole nyuma ya makaburi, ambako sasa pamejaa nyumba.

"Mara ya mwisho kumuona ilikuwa lini, mama?"

Nilimwambia nimemwona mmoja tu maishani, hakuwa na ugomvi na mtu, na aliyeonyesha shimo lake ni mimi.