Siku Niliyokuwa Kirusi Heru Juu

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mtalisikia tu, na heri mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Heru Juu, ambao kila wakilisimulia wanaliongezea mkia. Nimewahi kukamatwa kama mwizi, mchana kweupe, nimevaa gunia, na aliyenikalia mgongoni alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa.

Ilikuwa 2013, mimi mwalimu mpya wa baiolojia hapo Heru Juu, mtoto wa Kibondo mjini, najiona nimesoma kuliko vitabu vyenyewe. Mchumba wangu Elias alikuwa Kakonko, kwenye ofisi za wilaya mpya, na mama yake analima maharage ng'ambo ya uwanja wa shule yetu. Jumamosi ile ndiyo nilikuwa nipelekwe kutambulishwa, na Elias alishanionya kwamba mama akikataa, imekataliwa (ni mwanaume kweli, lakini mbele ya mama yake ni kuku aliyenyeshewa). Mama alikuwa ameambiwa mkwe ni binti mpole, hana makuu. Nami kwa aibu, nikimwona njiani nakata kona, kwa hiyo sura yangu alikuwa haijui.

Sasa wiki hiyo mafua yakaingia shuleni, darasa zima linakohoa, na mimi kwa kiherehere changu nikaacha somo la siku nikaanza kuwaeleza kemokini, kwamba kirusi kikivamia seli, seli haifi kimyakimya, inamwaga kemikali ziitwazo kemokini, na chembe nyeupe, askari wa mwili, zinazifuata kemikali hizo kule zinakozidi kukolea mpaka zimfikie adui. Wakanikodolea macho tu. Nikasema, "Ni kama induru!" Hapo wakaelewa wote, maana huku Buha, kwetu sisi Waha, hakuna asiyejua induru: mtu akipiga yowe la hatari, kila anayesikia anatupa alichoshika na kukimbilia sauti, na asiyekwenda atatozwa faini na wenzake.

Gerevazi, kiranja wa darasa, akauliza katikati ya kikohozi, "Mwalimu, askari wakishafika, nani anawaambia warudi nyumbani?"

Swali zuri kweli. Nikamjibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani," kwa sababu jibu lake nilikuwa silijui.

Ningeishia hapo! Lakini wapi, nikaona tuigize. Nikachukua gunia jikoni, nikalifungia vigunzi vya mahindi pande zote, ndiyo miiba ya kirusi, nikajipaka masizi usoni, nikamwambia Gerevazi wewe ni seli, nikikuvamia piga induru, lakini kidogo tu, ya darasani. Jamani, Muha na induru ya kidogo wapi na wapi? Kijana akafungua kinywa, na madirisha yetu hayakuwa na vioo.

Kufumba na kufumbua nasikia nje, "Wapi? Wapi?" Nachungulia: watu wanamiminika kutoka mashambani na majembe, na mapanga, bibi mmoja na mwiko wenye ugali. Mwenye akili angevua gunia. Mimi nikatoka mbio, na ukikimbia mbele ya watu wa induru umeshakiri kosa. "Yule! Yule mwenye masizi!" Nikakata uwanja, vigunzi vinanigonga magoti, nikaingia kwenye maharage, nikaruka tuta la kwanza, la pili, la tatu nikala mweleka. Mtu mzito akanikalia mgongoni. Kugeuza shingo, Mama Elias!

"Umeiba nini?"

"Sijaiba, mama. Mimi ni kirusi."

"Ukoo gani huo?"

Wanafunzi wakafika wanahema. "Mwachie, mama, ni Mwalimu Neema!"

"Neema yupi?"

"Wa Kibondo."

Nikahisi uzito mgongoni unapungua polepole. Akanifuta shavu kwa kidole gumba, akanitazama. "Neema wa Elias?"

"Shikamoo, mama," nikasema, bado nimelala kifudifudi, na machozi yakanitoka, nikijua Elias ndiyo basi tena.

Akageukia barabara. Watu walikuwa bado wanakuja, wengine wamepakiana kwenye bodaboda, na kila anayefika anaingia shambani kutafuta mwizi wa kumpiga. Mama Elias akasimama mbele yangu, akanyoosha mikono. "Induru imekwisha! Rudini! Huyu ni mtu wangu!"

Wakarudi. Gerevazi akaninong'oneza, "Mwalimu, kumbe yupo wa kuwaambia."

Mama akaangalia shamba. "Wewe umevunja mashina mawili matatu," akasema. "Waliokuja kunisaidia wamelimaliza."

"Hata mafua, mama," nikasema (ualimu ugonjwa!), "maumivu mengi ni askari wetu wenyewe."

"Nyamaza."

Jumamosi sikukaa mkekani na kitenge kipya, nilikuwa napanda maharage upya, na jioni pombe ya ndizi niliyotozwa faini kwa induru ya bure ikanywewa na kijiji kizima, kila mtu ananipungia mkono, "Hujambo, Kirusi?" Elias akasimama pembeni hathubutu kuuliza. Mama akamwambia bila kuulizwa, "Upole mlinidanganya. Lakini anayeruka matuta namna ile, kulima hatashindwa. Muoe."

Siku hizi kemokini nazifundisha kwa chaki tu, mlango umefungwa, na hakuna kuigiza hata kwa dawa. Na siku ya harusi yetu, kigelegele cha kwanza kilipopaa, mama mkwe alikimbilia barabarani mbio akipunga kanga: "Ni harusi! Ni harusi jamani, acheni mapanga nyumbani!"