Kanga Kwenye Pedali

Mke wangu, Mama Rehema, alirudi kwao Newala baada ya ugomvi wetu. Kwa hasira nikampelekea salamu kwamba kanga aliyoiacha nimeichoma. Uongo mtupu.

Nyumba ikawa kimya mno. Nikataka kumfuata, lakini pedali ya kushoto ya baiskeli yangu ilikuwa haishiki, meno ya kranki, ule mkono unaobeba pedali, yamelika, na hela ya kranki mpya sina. Nikachana utepe wa ile kanga, nikauzungusha kwenye meno ya pedali, nikaikaza. Ikashika kutoka Masasi mpaka kwa wakwe.

"Shikamoo, Baba. Napita tu, naulizia salfa ya kupulizia mikorosho."

"Marahaba. Haya, usichelewe."

Nilitamani mtu anizuie. Hakuna aliyenizuia, hata Mama Rehema aliyekuwa amesimama mlangoni. Nikapanda baiskeli, pedali ikachomoka, nikaanguka palepale uani. Baba mkwe akaiokota, akaukunjua utepe taratibu. Mama Rehema akautambua.

"Si ulisema umeichoma?"

Nikajipangusa vumbi.

"Na iliyobaki iko wapi?"

Wakwe zangu wote wawili walikuwa wamesimama pale, wananitazama, nilipojibu, "Ndiyo ninayojifunika nikilala."