Nilimwunguza Mabuti, Akatengwa Nyangeta

Ndugu yangu unayesoma, mkosaji ni mimi. Natanguliza hilo ili usije ukafika katikati ya habari ukaanza kunionea huruma. Nilimwunguza mnyama kwa mikono yangu hii, kisha nikakaa kimya mwenzangu alipobebeshwa kosa langu mbele ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo naishi kama panya aliyeingia mtegoni mwenyewe, kwa miguu yake.

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja kati ya Bunda na Butiama. Usiniulize kipi. Mume wangu alikuwa kibarua kiwandani Musoma, akija nyumbani mara moja kwa mwezi na furushi la nguo chafu. Ilikuwa miaka ile ya shida, wakubwa mnaikumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, hata chumvi kwa foleni. Tulifua kwa majivu: unazichemsha nguo kwenye sufuria kubwa pamoja na majivu mpaka uchafu uachie. Maji hayo yakikurukia mkononi, ngozi inatoka.

Na mwaka huo mvua ilituchezea. Chakula changu chote kilikuwa udaga, ile mihogo iliyovundikwa, nimeianika juu ya jabali nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo iliyokuwa ugali na uji wa watoto wangu watatu mpaka mavuno.

Sasa, pale kijijini kulikuwa na maksai mmoja aliyeitwa Mabuti. Mwili mwekundu, miguu yote minne myeupe mpaka magotini, ndiyo maana ya jina. Mwenyewe alikuwa Mzee Manyama, lakini Mabuti alikuwa wa kila mtu. Alilima mashamba ya wajane kabla ya kulima la mwenyewe. Ubaya wake ulikuwa mmoja, tumbo. Akifunguliwa nira anazurura kuonja vya watu, na hakuna aliyemfukuza kwa ukali. Watu walicheka wakasema, "Mwache, anachukuaga mshahara wake."

Mchana mmoja natoka jikoni, namkuta Mabuti jabalini kwangu. Nusu ya udaga ameshakula, nusu amekanyaga na kukojolea. Nikapiga kelele. Akanitazama, akaendelea kutafuna.

Jamani, hasira! Fimbo ilikuwepo pale pale, mawe yalikuwepo, miguu ya kumkimbiza nilikuwa nayo. Mimi nikaikimbilia sufuria ya nguo iliyokuwa ikitokota.

Nilimmwagia yote. Ubavuni, shingoni, na usoni upande wa kushoto.

Sijawahi kusikia ng'ombe akilia vile. Alipiga magoti kwanza, akainuka, akakimbia huku akijigonga kwenye miti, na suruali ya mume wangu ikiwa imenasa kwenye pembe yake. Ilipodondoka, niliikimbilia nikaiokota kabla mtu hajaiona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya unyama ule. Sikumfuata mnyama, nilifuata suruali!

Walimkuta mtoni, amesimama kwenye matope, anatetemeka. Ngozi ya ubavu ilikuwa imechubuka yote, na jicho la kushoto limekuwa jeupe. Bwana mifugo alikuja na baiskeli kutoka Butiama, mkoba wake mtupu, maana dawa za mifugo zilikuwa zimeadimika kama za binadamu. Alichotoa ni pole. Wanawake wakaleta samli wakampaka. Watu walikuwa wanalia, ndugu yangu, watu wazima!

Mzee Manyama alikaa chini karibu na kichwa cha yule maksai. "Ng'ombe yangu amekosa nini?" alikuwa akiuliza. "Kama mtu ana hasira si anipige mimi? Mimi niko na mdomo, nitasema basi. Huyu atasemaga nini?"

Na mimi nilikuwepo. Ningekosaje? Asiyekwenda angeshukiwa. Nikapaza sauti kuliko wote: "Aliyefanya hivi si mtu!" Watu wakaitikia, "Kweli Mwalimu, si mtu."

Kumbe nilikuwa nimejitukana mwenyewe na nikaitikiwa.

Hasira ya kijiji haikupoa. Kule kwetu mtu akikuibia ng'ombe mnamfuata na mishale, lakini kumtesa ng'ombe aliyekulimia ni jambo ambalo hata wezi walilaani. Kamanda wa sungusungu akaitisha mkutano. "Tutapiga kura ya siri," akasema. "Kila mtu mzima ataandika jina la anayemshuku. Sitaki karatasi tupu. Asiyejua kuandika aendage kwa Mwalimu, atamwandikia."

Mwalimu ndiye mimi.

Walinitolea meza nje ya ghala la pamba, wakanipa penseli na karatasi zilizokatwa kutoka kwenye daftari. Wazee kwa wanawake wakaja mmoja mmoja kuninong'oneza sikioni. Mmoja akamtaja mlevi fulani, mwingine wachungaji wa ng'ambo ya mto, mwingine shemeji yake waliyegombania naye mpaka wa shamba. Kila aliyeinama nilingoja jina langu. Halikuja. Hakuna hata mmoja aliyenifikiria!

Ningeshukuru Mungu, nikanyamaza. Lakini hofu ina ujinga wake. Wakaja bibi wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote wakaniambia maneno yale yale: "Mimi sijui, mama. Andika tu kwamba sijui." Kwenye karatasi zao zote mbili niliandika Nyangeta. Na kwenye yangu nikaandika Nyangeta.

Nyangeta alikuwa jirani yangu. Aliachika, akarudi kuishi peke yake pembeni ya kwa kaka yake, na alikula kwa kupika pombe. Kwake kulikuwa na pipa linalochemka kila siku ya Mungu. Mabuti alikuwa na tabia ya kwenda kula machicha yake, na Nyangeta alishawahi kumpigia kelele mbele za watu, "Iko siku huyu ng'ombe nitamwonesha!" Watu walicheka siku hiyo. Mtu mwenye maji ya moto, mtu aliyetoa kitisho, mtu asiye na mume wa kumtetea. Niliona pengo, nikamsukumia mwenzangu humo.

Na ngoja nikwambie alikuwa nani kwangu. Kitinda mimba wangu alizaliwa mume wangu akiwa Musoma, na Nyangeta ndiye aliyempokea na kukata kitovu. Tena alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo. Miezi mingi alihangaika na kalamu, mpaka akaweza kuandika neno moja bila kuangalizia. Neno lenyewe ni jina lake.

Zamu yake ilipofika hakuinama sikioni kwangu. Alichukua penseli akacheka. "Leo naandika mwenyewe, Mwalimu. Si ulinifundishaga?" Akajitenga pembeni, akaandika kwa muda mrefu, ametoa ulimi nje kidogo kwa bidii, akaikunja karatasi yake akaitumbukiza kwenye debe.

Kamanda akaanza kusoma. Jina la Nyangeta likatoka mara kadhaa, maana wengine nao walikuwa wamemtaja kwa sababu ya lile pipa. Kisha akafungua karatasi moja, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni mwandiko ya nani?"

"Yangu hiyo!" Nyangeta akasema kwa furaha kabisa. Alidhani anasifiwa.

"Umeandika Nyangeta."

"Ndiyo."

Watu wakalipuka. Amejitaja! Amekiri mwenyewe! Mungu si Athumani! Yeye alikuwa anageuka huku na huku haelewi, mpaka alipoelewa.

Ndugu yangu, mimi nilielewa kabla yake. Somo langu la kwanza darasani lilikuwa hili: ukipewa karatasi yoyote, kwanza andika jina lako juu. Nililirudia kila jioni. Yeye aliandika jina lake juu kama alivyofundishwa, na chini hakuandika kitu, kwa kuwa hakuwa na wa kumshuku na hakujua kuandika neno lingine.

"Mwalimu, waambie!" akapiga kelele. "Si ulituambiaga karatasi yoyote kwanza jina lako? Mimi sijataja mtu! Nimeweka jina tu! Mwalimu!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Kamanda akauliza, "Mwalimu, ni kweli?"

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Lakini nikisema ndiyo, kura itavunjika. Kura ikivunjika, kila mtu ataulizwa upya amemtaja nani, na wale bibi wawili watasema hawakumtaja yeyote. Halafu wataniuliza mimi nimeandika nini, na kwa nini. Niliitazama njia hiyo yote mpaka mwisho wake, na mwisho wake ilikuwepo sufuria yangu.

"Nilifundisha mengi," nikasema. "Sikumbuki kila neno."

Ole wangu! Nimetukana watu maishani, nimegombana na wifi mpaka tukarushiana sahani, lakini hakuna neno langu ninalolisikia mpaka leo kama hilo.

Nyangeta hakubisha tena. Alinitazama tu, kisha akaketi chini.

Wakamtenga. Asipewe moto, asichote maji kisimani, asisalimiwe. Atakayemsalimia naye atatengwa. Kaka yake mwenyewe akaziba njia kwa miiba. Mimi niliishi hatua chache kutoka kwake, na kila asubuhi alikuwa akipita na mtungi kwenda kuchota maji ya mto, yale ya ng'ombe. Mwanangu mdogo alimwita, "Mama Nyange!" kama alivyozoea. Nikamfunga mdomo kwa kiganja. Huyo ndiye aliyepokewa na mikono yake!

Hakumaliza msimu. Siku moja aliweka vitu vyake kwenye beseni akaenda zake Musoma kwa miguu, maana hata gari la pamba lilikataa kumpakia.

Unadhani nilipumua? Mabuti alikuwa bado yupo. Alipona kidonda, akabaki na kovu lisiloota manyoya na jicho moja. Mzee Manyama akamrudisha shambani polepole. Na yule mnyama, kila aliposikia sauti yangu, alisimama akaanza kutetemeka mwili mzima. Mara ya kwanza watu walishangaa.

"Huyu anakuogopaga, Mwalimu," Mzee Manyama akasema. "Labda ni hii kanga yako nyekundu."

Nikaichoma ile kanga. Haikusaidia, kwa sababu haikuwa kanga. Basi nikawa bubu popote Mabuti alipokuwepo. Nilikataa plau isikanyage shamba langu, nikalima kwa jembe la mkono mpaka kiuno kikapinda. Na unajua watu walisema nini? Walinisifu! "Mwalimu ana huruma, hataki hata kumsumbua yule maskini." Nilikula sifa hizo kila mwaka, na kila mwaka zilinikaba zaidi.

Alipozeeka jicho la pili nalo likafifia, akapelekwa mnadani Bunda. Njia ilipita mbele ya nyumba yangu. Nilikaa ndani kimya, nimefunga mlango, nikachungulia kwenye ufa. Alipofika usawa wa nyumba yangu, kipofu vile, aliiacha njia akazunguka mbali kupitia kwenye miiba. Mzee Manyama alimvuta kamba akachoka, akamfuata.

Miaka ikapita. Mageuzi yakaja, sabuni zikajaa madukani hadi za rangi, mitumba ikamwagika, kisomo kikafa kifo cha kimya kwa kukosa chaki na walimu. Nikahamia Musoma kwa mume wangu, Buhare. Siku moja nimekwenda Makoko kutafuta kitoweo, nikaona mama mmoja anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Mafuta yanatokota mbele yake. Ni Nyangeta.

Nilipiga magoti pale pale kwenye mchanga, wateja wakitazama. Nikamwambia yote. Sufuria, suruali, bibi wawili, karatasi. Yeye aligeuza mapanki yake mpaka nikamaliza.

"Mabuti alikufaga lini?" akauliza.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Maskini. Hakuwa na ubaya, ni tumbo tu."

"Nisamehe, dada."

"Wewe Mwalimu, unaniambia mimi ya nini? Mimi najuaga sikufanya. Tangu siku ile najua. Nenda ukaambie wale."

Nikamwambia Mzee Manyama amekwisha fariki, Kamanda naye, bibi wote wawili, na wengine wametawanyika migodini na mijini. Akanitazama kama alivyonitazama ile siku.

"Basi andika," akasema. "Wewe si unajua kuandika? Hao waliobaki watasoma."

Ndiyo maana nimekuandikia, ndugu yangu. Wewe unayefuga, na wewe unayeliwa mazao na mifugo ya watu: ng'ombe hajui mpaka wa jabali lako. Hasira ikipanda, weka sufuria chini. Na kama umekwisha kumwaga, basi sema siku hiyo hiyo, utozwe faini, utukanwe, yaishe. Kosa la mchana mmoja mimi nimelitumikia maisha yangu yote.

Na wewe uliyekuwepo pale nje ya ghala siku ile, ukipata gazeti hili, jua kwamba Nyangeta hakuwa na hatia. Yeye alifanya nilivyomfundisha: karatasi yoyote, kwanza jina lako.

Nimeipitia barua hii mara nne. Juu nimeacha nafasi. Penseli ninayo mkononi tangu asubuhi, na jina langu najua kuliandika, lakini naona nitaitia kwenye bahasha hivi hivi.