Viatu Vingi Mlangoni

Mkasa huu mke wangu huusimulia vizuri kuliko mimi, lakini aibu ni yangu, basi acheni niutoe mwenyewe.

Nilikuwa nimenunua nyumba Carrollton, pembeni ya Dallas, na Mwanaisha, mke wangu, akakataa katakata kutoka Gulfton, kule Houston. Alisema Dallas hana mtu, akipatwa na jambo nani atamjia? Nyumba ikakaa tupu, mimi nalala humo siku nikipita na lori tu, na kule Texas nyumba unayoishi hupunguziwa kodi, lakini ya pili, ile tupu, hulipiwa yote. Tukakubaliana nikikosa punguzo naiuza. Nikaomba, nikaambiwa afisa atapita Jumanne aone kama kweli kunaishi watu.

Sasa mimi ni mtu wa kudadisi (ugonjwa wa tangu utotoni). Nikajiuliza, hivi mtu akisimama nje anajuaje kama ndani mna watu? Nikazunguka mtaa mzima nikichungulia nyumba za majirani, hii pazia, ile baiskeli, mpaka mbwa wakanichoka. Mwisho nikaona mbona jibu ninalo, sisi watu wa Mombasa nyumba yenye watu tunaijua kwa viatu mlangoni. Nikaenda duka la mitumba nikanunua gunia zima, vya kike, vya kiume, vya watoto, asubuhi ya Jumanne nikavimwaga kizingitini, nikaingia ndani nikajilaza mkekani kungoja.

Nisilolijua ni kwamba Bi Rukia, muuguzi tunayeswali naye msikiti mmoja, alipita akitoka kazini. Akaona viatu vyote vile, siku ya kazi, kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua ni tupu. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu, nimefiwa. Hakubisha hodi (msibani huendi mikono mitupu), alikwenda kupiga simu.

Adhuhuri nikasikia milango ya magari. Kuchungulia, watu wanashuka na masufuria ya pilau, majamvi na viti vya kukunja. Kabla sijafungua mdomo, Athmani, dereva mwenzangu, kanikumbatia.

"Pole, ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nami, mjinga, nikasema ahsante. Nyinyi mngejibu nini?

Afisa akawakuta wamejaa uani. Akauliza kwa upole nani anaishi hapa, na Athmani, mtu mkweli kupita kiasi, akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka, "Hapa haishi mtu, bwana. Mwenyewe na mkewe wako Houston. Sisi tumekuja kwa msiba tu."

Afisa akavua kofia, akanipa pole, akauliza ni nani aliyefariki. Watu wote wakanigeukia, maana hata wao walikuwa hawajauliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hakuna," nikasema.

Punguzo likaota mbawa hapo hapo. Bi Rukia alinipakulia pilau (mifupa mitupu, kwa hasira). Jioni nikampigia Mwanaisha nikamweleza yote, nikaapa sitamdanganya tena mtu wa serikali wala kiumbe yeyote, na nikamwambia nyumba tuiuze. Yeye akauliza:

"Walikuja wangapi?"

"Magari yalijaa mpaka barabarani."

"Na hawakujua hata nani amekufa?"

"Hawakujua."

"Basi usiiuze," akasema. "Kesho nita-apply transfer kazini. Nakuja."