Kopo la Ugoro

Leo benki alikuja kukaa kando yangu mtu anayenuka ugoro, nikahama kiti. Harufu hiyo naijua tangu kwenye ngazi za nyumba yetu Kariakoo, ambako fundi redio wa chini aliweka kopo lake la kutemea. Siku moja nililipiga teke nikiwa pekupeku. Mate ya vuguvugu, mazito, yakapenya katikati ya vidole vyangu. Wiki nzima sikugusa mchuzi wa maharage.

Baba alikuwa ameleta kompyuta kutoka Dubai na kuiunganisha na simu ya mezani, nami nikajiunga na mtandao wa kuandikiana barua ambamo kila mtu alitumia jina la bandia. Rafiki yangu mmoja humo alijibu kila “Mambo?” yangu kwa “Poa”, nikajua ni mtoto mwenzangu. Nikamwandikia: “Fundi wa chini kwetu ananuka kama choo cha soko. Nimekanyaga mate yake ya ugoro, nimetapika. Bora afukuzwe.”

Safari hii hakujibu.

Kesho yake kopo halikuwepo kwenye ngazi. Fundi alikuwa ameinamia redio kando ya kompyuta kuukuu, midomo ameifumba.

“Shikamoo,” nikamwamkia.

Hakuinua uso.

“Poa,” akasema.